Dk. Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyeanzia Jinja kuchora ramani ya saratani

JINA la Burkitt limo katika mafaili ya wagonjwa wa hospitali nyingi duniani, kuanzia Mulago hadi New York. Ni jina la saratani inayowapata zaidi watoto, ambayo huvimbisha taya au tumbo kwa kasi ya kutisha.

Hata hivyo, ni wachache wanaojua kuwa mwenye jina hilo, Dk. Denis Burkitt, alianza kuushuku ugonjwa huo akiwa Jinja, mashariki mwa Uganda. Hakuwa mtafiti wa maabara wala bingwa wa saratani. Alikuwa daktari wa upasuaji aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, na alikuwa na jicho moja tu.

Wachache zaidi wanajua kwamba kazi yake ndiyo mzizi wa chanjo mpya ambayo wanasayansi wa Marekani walianza kuijaribu kwa binadamu mwaka 2022. Chanjo hiyo imetengenezwa kwa vizimba vya protini, vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hujiunda vyenyewe bila fundi.

Kutoka kwa mtoto aliyeketi kwenye nyasi za hospitali ya Jinja hadi kwenye vizimba hivyo ni safari ndefu, na maisha ya Burkitt ndiyo yanayoiunganisha.

Mtoto wa mpima barabara

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya aliyesimamia barabara na madaraja.

Mzee huyo alikuwa na kazi nyingine aliyoifanya kwa mapenzi. Aliwafunga ndege vijipete miguuni, kisha akachora ramani za mipaka ya makazi yao. Wataalamu wa ndege wanamhesabu miongoni mwa waanzilishi wa utafiti wa aina hiyo. Miaka mingi baadaye, mwanawe angefanya kazi inayofanana na hiyo, ila badala ya ndege angefuatilia ugonjwa.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto wa shule. Miwani yake ilivunjika na kigae kikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakukaa sana huko. Akiwa kijana Mkristo mcha Mungu, aliona wito wake ni tiba, akahama. Alihitimu udaktari mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu kuwa daktari wa upasuaji.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika Magharibi, alikataliwa. Waajiri hawakuona jinsi mpasuaji mwenye jicho moja angefaa. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimfungulia mlango mwingine. Aliingia jeshini mwaka 1941, akapelekwa Kenya na Somalia, na hapo ndipo alipoizoea Afrika Mashariki.

Vita vilipokwisha aliomba kazi tena, safari hii Uganda, akakubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa nchi.

Mabusha ya Lango

Lira alikuwa daktari wa kila kitu. Alipasua, alizalisha, alitibu malaria na alikagua zahanati za mbali.

Katika kazi hiyo aligundua jambo lililomshangaza. Wanaume waliokuja kupasuliwa mabusha walikuwa wengi mno kutoka upande wa mashariki wa wilaya, lakini wa upande wa magharibi walikuwa wachache. Watu walikuwa wa kabila moja na walikula chakula kimoja. Kilichotofautiana ni mahali.

Baadaye ilieleweka kwamba mabusha mengi ya aina hiyo husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Lakini somo alilolipata Burkitt lilikuwa kubwa kuliko mabusha. Alijifunza kwamba kabla ya kuuliza ugonjwa unaletwa na nini, inafaa kuuliza unapatikana wapi, na wapi haupatikani.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Alikaa huko karibu miaka kumi akifanya upasuaji wa kawaida, bila mtu yeyote nje ya Uganda kumjua.

Mulago, kisha Jinja

Mwaka 1957, Dk. Hugh Trowell wa wodi ya watoto pale Mulago alimwita amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini, na meno yalikuwa yamelegea. Burkitt alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho. Uvimbe wa kawaida huanza mahali pamoja, haujitokezi pembe nne za mdomo kwa wakati mmoja. Alimpiga picha, lakini hakuwa na tiba ya kumpa.

Wiki chache baadaye alikwenda Jinja kikazi. Alipotazama nje kupitia dirishani, alimwona mtoto ameketi kwenye nyasi na mama yake, na uso wake umevimba vilevile. Alitoka akamkagua. Taya zilikuwa kama za yule wa Mulago, na tumboni pia kulikuwa na uvimbe.

Mgonjwa mmoja wa ajabu anaweza kuwa bahati mbaya tu. Wawili, katika miji miwili, ndani ya muda mfupi, ni dalili kuwa kuna jambo. Burkitt alirudi Mulago akaanza kufukua mafaili ya zamani.

Aliyoyakuta yalimshtua. Watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, ila kila daktari alikuwa amemwandika mgonjwa wake kwa jina tofauti. Aliyeona taya aliandika saratani ya taya, aliyeona figo akaandika ya figo, na aliyeona jicho akaandika ya jicho. Kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja.

Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38 katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Haikugusa wengi. Wataalamu wa maabara wa Mulago, Jack Davies na Greg O'Conor, ndio waliosaidia kuthibitisha kwamba uvimbe huo ni saratani ya chembe za tezi za kinga ya mwili, yaani limfoma.

Ilikuwa saratani kali kuliko zote zilizojulikana kwa kasi ya kukua. Uvimbe uliweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Kisu cha mpasuaji hakikufua dafu, na watoto wengi walikufa ndani ya miezi michache.

Gari kuukuu na maili 10,000

Siku moja mtaalamu wa saratani kutoka Johannesburg alitembelea Mulago. Alipoonyeshwa wagonjwa, alisema kwao ugonjwa huo haupo. Kwa Burkitt, maneno hayo yalikuwa sawa na mabusha ya Lango. Ikiwa upo Uganda na haupo Afrika Kusini, basi kuna mahali njiani unapokoma.

Alichapisha zaidi ya vipeperushi 1,000 vyenye picha za wagonjwa, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza kama wamewahi kuuona uvimbe huo. Majibu yalipofika, aliyaweka kwenye ramani.

Kisha akaamua kwenda mwenyewe. Oktoba 7, 1961 aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson, daktari mmisionari kutoka Kanada. Walisafiri kwa gari aina ya Ford la mwaka 1954, lililokuwa limekwisha tumika. Williams alikuwa fundi mzuri wa magari, jambo lililowaokoa mara nyingi.

Kwa wiki kumi walizunguka maili 10,000, yaani takriban kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi. Walitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila mahali swali lilikuwa lile lile, na picha zilikuwa zile zile.

Ramani iliyopatikana ilikuwa ya kushangaza. Ugonjwa ulienea kama mkanda katikati ya Afrika, ukiwa na mkia ulioteremka mashariki hadi Msumbiji. Katika nchi zilizo karibu na mstari wa Ikweta, haukuonekana kwenye miinuko inayozidi futi 5,000, yaani takriban mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka.

Msomaji wa Mbale anaweza kuielewa ramani hiyo bila kuifungua. Mji wenyewe uko chini ya mpaka huo, katika joto na mbu. Lakini akiinua macho kuutazama mwamba wa Wanale juu ya mji, na kupanda zaidi kuelekea Mlima Elgon, anatoka katika nchi ya mbu na kuingia katika nchi ya baridi. Kwa mujibu wa ramani ya Burkitt, mwendo wa saa chache kwa miguu unatosha kuuvuka mpaka wa ugonjwa.

Alexander Haddow, aliyekuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alitambua kwamba kilichofanya kazi hapo hakikuwa urefu wa mlima bali joto na mvua. Hayo ndiyo yanayoamua mbu wanaishi wapi. Baadaye malaria ikaanza kutajwa. Ushahidi mmoja ulitoka visiwa vya Unguja na Pemba, ambako kuna joto na mvua, lakini ugonjwa ulikuwa adimu. Huko malaria ilikuwa imedhibitiwa.

Virusi ndani ya kizimba

Miezi michache kabla ya safari hiyo, Machi 22, 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwa mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Aliposikia kuwa kuna saratani inayofuata hali ya hewa, aliamini amekipata alichokuwa akikitafuta.

Walikubaliana. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikawa vinapelekwa London kwa ndege kutoka Entebbe. Kwa zaidi ya miaka miwili hakikuonekana kitu.

Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, na ilidhaniwa yameingiwa na bakteria. Kumbe yalikuwa yamejaa chembe za saratani zilizo hai. Epstein na msaidizi wake, Yvonne Barr, walifanikiwa kuzikuza maabarani.

Mapema mwaka 1964, Epstein alizitazama kwa hadubini ya elektroni, akaona virusi. Taarifa ilichapishwa Machi mwaka huo, ikiwa na jina la Bert Achong pia. Hivyo ndivyo virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa, vikawa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Alichokiona Epstein hasa kilikuwa kizimba. Virusi havina mwili kama wetu. Vina maandishi ya urithi, na maandishi hayo yamefungiwa ndani ya kasha la protini lenye pande zilizopangika sawasawa. Kwa umbo la kasha hilo, Epstein alitambua mara moja kuwa ni virusi vya jamii ya herpesi.

Kasha kama hilo halijengwi na fundi. Vipande vyake huumbika kwa namna ambayo kila kimoja kinamfaa jirani yake, na vikikutana vinashikana. Ni kama mtu atie vipande vya mbao vilivyochongwa ndani ya gunia, alitikise, kisha atoe kiti kilichokamilika. Virusi vimekuwa na ufundi huo tangu zamani. Ilibaki kwa binadamu kujifunza.

Kati ya mwaka 1972 na 1974, watafiti wakiongozwa na Mfaransa Guy de-Thé walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile, kisha wakasubiri. Watoto waliopata saratani baadaye walikutwa kuwa walikuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya kasha la virusi hivyo, hata kabla ya kuugua. Matokeo hayo ya mwaka 1978 yalizidi kuthibitisha kile ambacho ramani ilikuwa imedokeza.

Dawa chache, watoto waliopona

Wakati wengine wakitafuta chanzo, Burkitt alikuwa na watoto wodini. Kuanzia mwaka 1960 alianza kujaribu dawa za saratani, baadhi akiletewa na wataalamu kutoka New York. Vifaa vilikuwa duni na dawa hazikutosha, kwa hiyo wagonjwa wengi walipata dozi ndogo.

Jambo la ajabu ni kwamba uvimbe uliyeyuka. Kuna watoto waliopona kabisa kwa dozi chache tu. Wakati ule madaktari wengi duniani waliamini saratani haiponyeki kwa dawa, hivyo habari kutoka Kampala zilibadilisha mawazo. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, chini ya Mmarekani John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda mwaka 1966, baada ya miaka 20. Huko Uingereza aliendelea na swali lake la wapi. Alijiuliza kwa nini magonjwa ya utumbo na saratani ya utumbo mpana ni mengi Ulaya na machache vijijini Afrika. Alitoa jibu lililomfanya awe maarufu kwa mara ya pili, kwamba Wazungu wameacha kula nyuzinyuzi zilizomo katika nafaka, maharage na mboga. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1979 na kilisomwa sana.

Alifariki dunia Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82. Wakati huo virusi vya Epstein-Barr vilikuwa vimejulikana kwa karibu miaka 30, lakini chanjo haikuwepo.

Vizimba vya kutengenezwa

Kikwazo kimoja kilikuwa hiki. Ukichukua protini ya ngozi ya virusi peke yake na kumchoma mtu, mwili hauishtukii sana. Kinga ya mwili imezoea kupambana na kitu kinachofanana na virusi, yaani duara lenye protini ile ile iliyojirudia kila upande.

Hapo ndipo vizimba vilipoingia. Katika miili yetu kuna protini iitwayo feritini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi madini ya chuma. Vipande vyake 24 hushikana vyenyewe na kufanya kizimba chenye upana wa nanomita 12 hivi. Ukivipanga mstari mmoja, zaidi ya vizimba 80,000 vitaingia ndani ya milimita moja.

Mwaka 2015, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani wakiongozwa na Masaru Kanekiyo walitangaza kuwa wametengeneza vizimba vya feritini vya aina hiyo, nje yake vikiwa vimepachikwa kipande cha protini ambayo virusi vya Epstein-Barr hutumia kujishikiza kwenye chembe za damu. Panya na nyani waliochanjwa kwa vizimba hivyo walitoa kingamwili nyingi kuliko waliopewa protini tupu.

Mwaka 2022 majaribio ya kwanza kwa binadamu yalianza Bethesda, Marekani, yakilenga watu 40 wenye umri wa miaka 18 hadi 29.

Virusi hivyo, hata hivyo, ni nusu tu ya kisa. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanavyo, na wengi hawapati saratani. Kinachoongeza hatari kwa mtoto wa Afrika ni malaria ya kila mara, inayoichosha na kuivuruga kinga ya mwili wake.

Upande wa malaria, vizimba vimekwisha kufika. Chanjo ya R21, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, nayo imetengenezwa kwa protini zinazojiunda zenyewe kuwa viduara, vikiwa vimebeba kipande cha protini ya kimelea cha malaria. Uganda ilizindua chanjo hiyo Aprili 2025 kwa wilaya 105. Uzinduzi ulifanyika Apac, katika ardhi ya Lango, kule kule Burkitt alikohesabu mabusha.

Deni lililobaki

Pamoja na hayo, liko jambo ambalo wasomaji wa Jinja na Mbale wana haki ya kuliuliza. Virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa kwa vipande vya miili ya watoto wa Uganda. Damu iliyothibitisha uhusiano wake na saratani ilitoka West Nile. Watoto hao hawatajwi katika vitabu, na wengi wao hawakupona.

Nchi tajiri zinaitaka chanjo hiyo kwa sababu zao. Kwao virusi hivyo huwapata vijana wengi wakubwa na kuwalaza kitandani kwa wiki kadhaa, na utafiti wa mwaka 2022 ulivihusisha na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao sklerosisi. Kwa mtoto wa Afrika Mashariki mambo ni tofauti. Yeye huambukizwa angali mchanga, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka mitatu. Chanjo iliyopimwa kwa vijana wa Marekani haiwezi kudhaniwa tu kuwa itamfaa. Ni lazima ipimwe hapa, kwa umri wake, na gharama yake iwe ile inayobebeka hapa.

Vilevile, chanjo haitamsaidia mtoto aliyekwisha kuugua. Katika nchi tajiri, watoto tisa kati ya kumi wenye limfoma ya Burkitt hupona. Kwetu waliopona ni pungufu sana ya hapo, si kwa sababu ugonjwa ni mwingine, bali kwa sababu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, au hukatiza matibabu nauli inapokwisha.

Burkitt aliona kwa jicho moja kile ambacho wengi wenye macho mawili walikipita, kwa sababu aliangalia na akauliza. Mzazi naye anaweza kufanya hivyo nyumbani. Taya ya mtoto ikianza kuvimba, meno yakilegea bila sababu, au tumbo likijaa ghafla, si jino la kung'olewa na si jambo la kusubiri wiki ijayo. Uvimbe unaoongezeka mara mbili kwa siku mbili haumsubiri mtu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.